Mgonjwa wa Mchanga

Mama Sponji alipomwona yule mwanamke kwa mara ya kwanza alimdhania mwizi. Baadaye kidogo akamdhania mwendawazimu. Kabla hajaondoka dukani alikuwa ameshamweka kwenye kundi baya kuliko yote mawili, kundi la wateja wanaojua wanachotaka.

Duka lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa, vumbi la sponji bado linaelea kwenye mwanga wa mlangoni. Mwanamke wa makamo aliingia, akatoa salamu, akayapita marundo ya magodoro moja kwa moja mpaka kwenye gunia la mabaki. Akaanza kuchambua vipande kama anayechagua nyanya. Alibonyeza, akaachia, akasogeza kipande sikioni na kukiminya taratibu, akasikiliza. Alipopata alichokipenda alivua viatu, akapanda juu ya meza ya kukatia, akalala kifudifudi na uso wake juu ya kile kipande. Mikono aliiweka kando ya masikio, viganja chini. Akatulia tuli.

Fundi, mkataji wa duka, alibaki na kisu hewani. "Mama," akanong'ona, "huyu amekuja kununua au amekuja kufa?"

"Vyovyote atalipa. Wewe endelea kukata."

"Nikatie wapi? Mgongoni kwake?"

Wateja wawili walichungulia, wakaona miguu mitupu mezani, wakakumbuka wana shughuli kwingine. Chai ya Mama Sponji ikapoa. Mwisho uvumilivu ukamwisha, akaenda kumtikisa mguu, na mguu ulikuwa wa baridi kama bomba la maji. Akarudisha mkono haraka.

"Bado," sauti ikatoka ndani ya sponji. "Paji la uso halijaanza kuuma."

Alipoinuka hatimaye, alama nyekundu ilikuwa imemzunguka uso kuanzia shavu moja, ikapita pajini, ikashukia shavu la pili. Hakujali. Alichora umbo kwa kidole juu ya vumbi la meza. "Nataka hivi. Kwato ya farasi. Huku mdomo wazi, huku mikono miwili. Unene wa kiganja."

"Godoro la nani hilo, la paka?"

"La kichwa cha mtoto mchanga. Mtoto anayefunguliwa ubongo."

Hapo wengine wangeshusha bei. Mama Sponji hakuwa wa namna hiyo. Alianza na mito ya kujaza mabaki, ameitandaza chini kando ya barabara, mvua ikija anaikumbatia yeye mwenyewe isilowe. Leo alikuwa na duka, kibao na meza tatu, na katika safari yote hiyo hakukumbuka siku ambayo huruma ilimlipia kodi ya pango. Akataja bei ya mtu mwenye shida.

Mwanamke akavaa viatu. "Mama, mimi sikuleta huruma hapa, kwa hiyo usiniuzie. Niuzie sponji."

Fundi akacheka mpaka akaweka kisu chini. Wakaanza kupatana bei upya, vizuri, kama watu wazima, kila mmoja akijifanya anaondoka mara moja moja, na walipomaliza Mama Sponji alijua kwamba amekutana na mwenzake. Jina hakuuliza. Kule hospitali, aliambiwa baadaye, walimwita Mlazaji.

*

Mlazaji alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Aliingia hospitali ile akiwa msichana, kwa kazi ya kufua mashuka, na watu wakaona kwamba shuka likitandikwa na yeye halikunji hata mgonjwa agaegae. Wakamtoa kwenye kufua wakamtia kwenye kutandika, kisha kwenye kugeuza wagonjwa, kisha wakampeleka shule ya uuguzi, akarudi na cheti na mikono ileile. Vyombo alijua kuvihesabu na sindano alijua kuchoma, lakini hapakuwa na uhaba wa watu wa kazi hizo. Yeye alihitajika kwa kazi moja, kulaza.

"Mtu mzima hana taabu," alimweleza Mama Sponji siku nyingine, amekaa juu ya godoro lenye nailoni yake na kikombe mkononi, maana ilishakuwa desturi kupitia dukani akitoka zamu. "Mtu mzima fuvu lake gumu. Unalibana kwa chuma chenye meno, halisogei. Mtoto wa miezi fuvu ni ganda la yai, ukilibana meno yanapita. Kwa hiyo kichwa hakishikwi na kitu. Kinalala tu juu ya mto. Na kama ugonjwa uko kisogoni, kinalala uso chini."

"Basi si analala?"

"Analala. Lakini tumbo lisiguse meza, maana likibanwa, damu inapanda kichwani na daktari anakuta bwawa. Kwa hiyo unamwinua kifua na nyonga, tumbo linaning'inia. Kidevu kisizame kifuani, vidole viwili vipite hapo, la sivyo mpira wa hewa unajikunja. Halafu macho." Akaweka kikombe chini. "Jicho likikaliwa na mto saa zote hizo, mtoto anaamka kipofu. Na hakuna atakayeona linapokaliwa, maana uso uko chini na vitambaa viko juu. Daktari anaona kisogo tu. Mimi ndiye wa mwisho kuuona uso."

Mito ya kwato iliyokuja na meza ilikuwa imechanika, na mipya iliagizwa, na kila aliyeulizwa alisema iko njiani. Daktari mpasuaji, mtu mpole mwenye miwani, alimwambia Mlazaji atafute kitu cha kuvukia kipindi hicho, yeye mwenyewe atakikagua. Kila mto uliotoka dukani alilalia shavu lake kabla ya kuukubali.

Mama Sponji alipenda kumsikiliza, kwa sababu mfanyabiashara hupenda mtu anayejua kazi yake. Hata hivyo kulikuwa na mambo yaliyomfanya ajikune mikono. Mlazaji alikuwa na wimbo usio na maneno wala tuni, mvumo tu wa chini kama friji kuukuu, na aliutoa kila mikono yake ilipogusa kitu laini. Hakuwa na mume wala mtoto. Na siku moja, akiulizwa kama hukutana na wale watoto mitaani, wamekua, alijibu, "Siwezi kuwajua. Wakija kwangu wameshalazwa usingizi. Mimi ndiye ninayewabandika plasta ya macho. Wakitoka, nafuta meza. Dada yangu, miaka yote hii, sijawahi kuona hata mmoja akiwa macho."

Alisema hivyo kama mtu anayesema hajawahi kupanda ndege.

Halafu kulikuwa na yule mgonjwa wake. Mama Sponji alimkuta siku alipopeleka mzigo hospitali. Ilikuwa mchana, jua linawaka nje, na mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wazi kwa ajili ya usafi. Joto lilimpiga usoni, kwani chumba hupashwa moto kwa ajili ya watoto wachanga, ambao hupoa upesi kama chai. Taa kubwa ilikuwa inawaka. Mlazaji alikuwa peke yake, ameinama mezani anavuma, na mbele yake mtoto uchi amelala kifudifudi, mikono kando ya masikio. Mtoto hakuwa na rangi ya mtu. Mama Sponji alishika fremu ya mlango.

"Ingia. Huyu haambukizi."

Lilikuwa doli la kitambaa cha kaki lililojazwa mchanga uliochekechwa. Mlazaji alilishona mwenyewe, uzito wa mtoto wa miezi kadhaa, kichwa kizito kuliko mwili kama ilivyo kwa watoto wa umri ule. Usoni hakulitia chochote isipokuwa mishono miwili pale penye macho, ili ajue yalipo. Alilibeba kwa kulipakata, kiganja chini ya kisogo.

"Kwa nini humlazi chali?" Mama Sponji aliuliza, na akajishangaa kusema *humlazi*.

"Akilala chali anaangalia," alisema Mlazaji.

*

Mama Sponji alikuwa na binti mmoja, na binti alikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Bibi alimwita "mke mwenzangu", kwa utani ule wa bibi na mjukuu, na alikuwa akimfokea kwa kumwibia mume aliyekufa zamani. Mtoto alicheka kwa mwili mzima. Halafu akaacha kucheka. Akawa anatapika asubuhi kabla hata hajanyonya. Kofia aliyovikwa mwanzo wa mwezi, mwisho wa mwezi haikuingia. Utosi ukavimba, ukabana kama ngoma. Kisha macho yakaanza kushuka. Kiini cheusi kilizama nyuma ya kope la chini, weupe ukabaki juu, na mtoto akawa anawatazama watu kama anayechungulia kutoka kisimani.

"Mama, haniangalii," binti alilia. "Namwita, macho yanakwenda chini."

Daktari mpasuaji aliwaonyesha picha. Uvimbe ulikuwa kisogoni, umeziba njia ya maji ya kichwani. Ungetolewa. Mtoto angelazwa uso chini.

Mama Sponji alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Mlazaji, akamkuta anapanga vitu vyake kwenye boksi. Umri wake wa kustaafu ulikuwa umefika. Wiki ya upasuaji ilikuwa wiki yake ya kupumzika na kukabidhi, na msichana aliyefundishwa naye alikuwa tayari kushika nafasi.

"Msichana ni mzuri," alisema Mlazaji. "Nimemfundisha mwenyewe."

"Mzuri sikatai. Nakutaka wewe."

"Nimeshaaga."

"Watu huaga wakarudi kuchukua mwavuli." Mama Sponji alivuta kiti. Alikuwa amekuja kununua, na anayekuja kununua hapigi magoti. "Taja unachotaka. Usinionee haya. Godoro, fedha, kiti cha uzeeni, kitu chochote. Mimi sitaki msaada, nataka tupatane."

Mkono wa Mlazaji ulizungukazunguka juu ya kichwa cha doli ndani ya boksi.

"Akipona," alisema, "nije nimwone akiwa macho. Anitazame. Basi."

Mama Sponji, ambaye maishani mwake hakuwahi kukubali bei ya kwanza, aliikubali hiyo. Aliona ni ya bure. Angekumbuka kwamba rahisi ni ghali, lakini siku hiyo methali zilikuwa za watu wengine.

"Na mto uwe mpya," Mlazaji aliongeza. "Ule wa zamani umechoka. Nikatie kesho, nitakuletea mgonjwa aujaribu."

*

Mto ule Mama Sponji aliukata kwa mkono wake mwenyewe. Fundi aliambiwa akae pembeni. Alichagua sponji nzito ya bei kubwa, akachora, akakata, akapaka gundi, akavika ngozi laini ya plastiki inayofutika, akaushona usionekane mshono. Ulikuwa mto wa kumpa mtoto wa mfalme. Akaubonyeza huku, akaubonyeza kule, ukarudi sawasawa.

Asubuhi Mlazaji alikuja na fremu ya chuma ya kubebea mto, na doli. Akamlaza mgonjwa wa mchanga juu ya meza ya nyuma, kifua na nyonga juu ya magunia madogo, tumbo likining'inia, uso ndani ya kwato. Akainama, akapitisha karatasi chini ya kila jicho. Ilipita bila kugusa. Akamfunika shuka la kijani mpaka kikabaki kisogo tu.

"Mpaka jioni. Asiguswe. Hata nzi akitua, mwacheni."

"Akitaka maji?" akauliza Fundi.

"Mpe wewe."

Duka likaendelea na kazi. Wateja walikuja, wakaona shuka na kisogo, wakapunguza sauti bila kuambiwa. Mchana jua lilipiga bati na Fundi akaenda nyuma kuchukua gundi. Alirudi bila gundi.

"Bosi. Nani amemgusa yule?"

"Nani amguse?"

"Njoo uone."

Kisogo hakikuwa tena kisogo. Shuka lilikuwa limevutika, na pale palipokuwa na kitambaa kitupu palionekana sikio, na ukingo wa shavu. Kichwa kilikuwa kimegeuka. Mama Sponji aliinua shuka kwa ncha za vidole. Mshono wa jicho la kulia ulikuwa unamtazama, wazi, juu hewani. Wa kushoto ulikuwa umezama ndani ya mto.

"Mimi sijamsogelea," alisema Fundi. "Naapa kwa mama yangu aliyenizaa. Ningesema ni mtetemo wa mashine, lakini mashine leo hatukuwasha."

"Nyamaza."

"Bosi, kitu hiki tukichome. Kimelala kwenye mto wa mjukuu wako na kimegeuka. Sisemi zaidi."

Hakuhitaji kusema zaidi. Mama Sponji hakuwa mtu wa mizimu, mizimu hainunui godoro. Lakini kesho yake, juu ya mto uleule, kingelala kichwa kingine, na kichwa cha kwanza kilikuwa kimeshasema neno. Akakishika kile kichwa kwa mikono miwili. Kilikuwa na joto. Akakirudisha uso chini, katikati kabisa, akanyoosha shuka.

"Hakikugeuka," alimwambia Fundi. "Umesikia? Hatukuona kitu."

"Hatukuona kitu," alisema Fundi, akaenda kukatia sponji mlangoni, nje kwenye mwanga.

Mchana wote Mama Sponji aliuza kwa mdomo huku masikio yako nyuma. Alijiambia kwamba jambo lisilosemwa halina miguu. Alijiambia kwamba Mlazaji akisikia atakataa kazi, maana wauguzi nao wana nuksi zao, na mtoto ataangukia mikononi mwa msichana. Kimya kilikuwa biashara nzuri. Alikipima upande huu na upande ule na kila mara kilimpa faida.

Jua likiwa bado liko juu ya paa Mlazaji alifika. Akainama, akapitisha karatasi chini ya jicho la kulia. Ikapita. Akaipitisha chini ya kushoto. Ikapita.

"Mto mzuri," alisema, akaanza kukunja shuka.

Mama Sponji alimtazama akimnyanyua mgonjwa, kiganja chini ya kisogo, na akauona mshono wa kushoto. Ulikuwa umelala. Nyuzi zake zilikuwa zimebanwa chapa kwenye kitambaa, kama jicho lililofumbwa kwa nguvu. Wa kulia ulikuwa umesimama.

"Aligeuka," akasema.

Fundi, mlangoni, alifunga macho.

"Nini?"

"Mchana aligeuka kichwa. Hakuna aliyemgusa. Nikamrudisha mimi. Sasa unajua. Ukitaka kukataa, kataa."

Mlazaji hakushtuka wala hakumlaumu mtu. Alisogea karibu sana na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Aligeukia wapi?"

"Jicho la kushoto chini."

"Pole pole au ghafla?"

"Hatukuona. Tulimkuta."

Mlazaji akalaza kiwiko chake kimoja juu ya mkono wa kushoto wa kwato na cha pili juu ya ule wa kulia, akaegemea uzito wote, akaanza kuvuma. Wakamsubiri. Lori likapita barabarani, mtu akauliza bei ya mto mlangoni na Fundi akamwambia arudi kesho. Wakamsubiri tena. Taratibu mno, kama jua linavyoshuka, bega la kushoto la Mlazaji likazama chini ya lile la kulia.

"Lete kisu," alisema.

Walipochana ngozi ya plastiki, Mama Sponji hakuhitaji kuelezwa. Alikiona kiungo cha gundi katikati ya kwato. Sponji huumuka kama mkate. Ya chini ya bunda hukaa nzito, ya juu hubaki nyepesi, na mkono hauwezi kuzitofautisha kwa kubonyeza mara moja. Ukikata kwato nzima, tumbo lake, kile kipande cha katikati, linatupwa. Kwa hiyo mtu aliyeanzia kwenye mito ya mabaki hakati kwato nzima. Anakata mikono miwili, mmoja huku, mwingine kwenye kipande kilichobaki kule, anaunga, hakuna kinachopotea. Hakukusudia. Alikuwa amechagua sponji bora kuliko zote dukani kwa ajili ya mjukuu wake, na mkono ukafanya uliyoyazoea wakati yeye anamuwaza mtoto.

"Kumbe ni hivyo tu," alisema Fundi, amefarijika. "Basi si shetani."

"Shetani angekuwa nafuu," alisema Mama Sponji. Akachukua bunda jipya ambalo halijaguswa, akachora alama ya juu kwa chaki, akakata kwato moja nzima, na tumbo la ile sponji nzito, kipande kikubwa cha kuuzika, akakitupia mlangoni kwa mbuzi wa jirani.

Mgonjwa wa mchanga alilazwa upya asubuhi iliyofuata. Upasuaji ukasogezwa kidogo kumsubiri. Daktari mpasuaji alipoelezwa sababu, aliuomba ule mto mbovu akaubonyeza mwenyewe kwa kiwiko, na kusema kwamba angeahirisha hata mara kumi. Mpaka jioni kichwa hakikusogea hata unywele.

Kabla ya kuuchukua mto, Mlazaji alimwambia Mama Sponji, "Panda na wewe."

"Nipande wapi?"

"Mezani. Ujue unamwachia nini."

Akapanda. Alilaza uso ndani ya kwato, na dunia ikazimika. Hakukuwa na duka. Kulikuwa na giza lenye harufu ya plastiki, damu yake mwenyewe ikipiga masikioni, na mikono ya Mlazaji ikimshusha mabega, ikimnyoosha shingo, ikimpitisha vidole viwili kidevuni. Mvumo ukaanza juu yake. Alitaka kuinuka, akakuta mwili hauna habari. Aliposhtuka chai ilikuwa imepoa na Fundi alikuwa anafunga madirisha.

*

Mtoto alilazwa. Binti na mama yake walikaa kwenye benchi la korido, mkwe akatembea huku na huko mpaka mlinzi akamwomba akae. Mlango mmoja ulipofunguliwa, Mama Sponji alisikia mvumo ule, mbali, mlango ukafungwa. Daktari mpasuaji alipotoka alikuwa ameshika miwani mkononi na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza mzigo. Uvimbe ulikuwa umetoka wote. Walipomwona mtoto alikuwa na bandeji kisogoni na alama ya kwato usoni, nyekundu hafifu, imezunguka macho bila kuyagusa. Kufikia kesho yake alama ilikuwa imefutika.

Siku chache baadaye macho yalipanda. Mtoto alimtazama bibi yake, akamfuata kwa macho kutoka upande huu wa kitanda mpaka upande ule, akakasirika kwa sababu hakumpa kijiko.

"Mke mwenzangu amerudi," alisema Mama Sponji. "Ficheni wanaume."

Mlazaji alikuja kuchukua chake walipokuwa wamesharudi nyumbani. Alivaa nguo ambayo Mama Sponji hakuwahi kuiona, akabeba mkononi kitu kidogo cha kuchezea. Mtoto alikuwa amekaa mkekani anapiga kifuniko cha sufuria. Mlazaji alibisha hodi.

Kifuniko kikaanguka. Mama Sponji aligeuka na kumkuta mjukuu amelala kifudifudi, paji la uso chini, mikono kando ya masikio, viganja chini. Walimwinua; kichwa kikaning'inia kama cha doli. Alikuwa anapumua vizuri. Alikuwa amelala tu.

"Amechoka," alisema binti. "Leo hakulala mchana."

Mlazaji alisubiri. Akanywa chai, akazungumza kwa sauti ndogo, akasubiri tena. Mtoto hakuamka. Alipoaga na kushuka ngazi, kabla hajafika barabarani, kifuniko kilianza kupigwa tena ndani.

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Wakamuuliza daktari wa usingizi, naye akasema haiwezekani, mtoto hulazwa mezani akiwa ameshalala kabisa, hasikii kitu. Mara ya tatu walipanga. Mlazaji asiseme neno, avue viatu nje, apite mlango wa nyuma. Mama Sponji alikaa na mtoto anamchezesha, na alimwona mwenzake akitokea kwenye uwazi wa mlango, miguu mitupu, kimya, uso umejaa matumaini. Mtoto alikuwa amempa mgongo. Hakugeuka. Akaweka mchezo wake chini, taratibu, kama mtu mzima anayemaliza kazi, akalala uso chini.

Binti alipiga kelele. "Mama, mtoe! Mtoe mtu huyu!"

Mlazaji akaingia, akapiga magoti mkekani. Akapitisha vidole viwili chini ya kidevu. Akasogeza bega moja kidogo sana.

"Amelala vizuri," alisema.

Mlangoni, Mama Sponji alimtolea picha, mtoto akicheka, macho yote mawili yamefunguka. Mlazaji aliitazama kwa adabu na kuirudisha. "Hii haipumui, dada yangu. Tulipatana anitazame."

"Nikopeshe subira. Atakua."

"Wewe si mtu wa kukopa," alisema Mlazaji, na huo ukawa utani wa mwisho kati yao.

Hakurudi tena. Doli, lililokuwa limebaki dukani tangu siku ya kujaribu mto, alikuja kulichukua siku Mama Sponji hayupo. Fundi alisema alilipakata mpaka barabarani, kiganja chini ya kisogo, na kwamba alikuwa amelilaza chali. Hospitali inaendelea kununua kwato, zote zimekatwa nzima, kila moja na alama ya chaki upande wa juu, na mbuzi wa jirani analalia sponji ya bei kubwa kuliko watu wengi. Mama Sponji hujikuta wakati mwingine anavuma akikata, na hunyamaza haraka kama mtoto yuko dukani.

Mtoto anatembea sasa. Macho yake ni makubwa, meusi, hayaoni haya. Kila mtu mtaani anayafahamu, isipokuwa mmoja.